Mkono Usioungua

“Jikoni humu hakuna nyama, mama,” Mama Uzi alisema kwa mara ya pili, na safari hii sauti ilikuwa imeshapanda. “Kuna chai na mkate, basi. Sasa hiyo nyama niliyoisikia ikinukia tangu kule mlangoni ni nyama ya nani?”

“Ya jirani.”

“Jirani yako fundi cherehani. Anachoma nini, vitambaa? Toa mkono.”

“Sitoi.”

“Toa mkono, nimesema!”

“Na mimi nimesema sitoi. Wewe ulitoka humu,” mama yake alijipiga tumboni kwa mkono wa kushoto, wa kulia akiwa ameuficha chini ya aproni, “au mimi ndiye niliyetoka kwako? Niambie, maana siku hizi sielewi nani mzazi.”

“Jamani,” alisema Mwalimu, mdogo wake Mama Uzi, ambaye kila akitoka shuleni alipitia hapo, kwenye mgahawa wa mama yao, kunywa chai. “Wateja watasikia.”

“Wateja gani? Saa hizi hata nzi hawapo.” Mama Uzi aliivuta aproni.

Mkono ukatoka. Upande wa kidole cha mwisho, kuanzia kifundo hadi katikati ya kiganja, palikuwa na mstari mwekundu ulionyooka kama uliopigwa kwa rula. Ilikuwa alama ya ukingo wa jiko. Pembezoni mwake ngozi ilikuwa imevimba malengelenge yaliyojaa maji, na katikati ilikuwa imegeuka nyeupe. Mtu yeyote angepiga ukelele ukafika barabarani. Lakini bibi huyu alikuwa ameegemea jiko akikoroga chai na kumsimulia mwanawe habari za bei ya sukari, na hata sentensi hakuikata.

Mwalimu aliusogeza mbali mkate uliokuwa mbele yake.

Kisiwa kizima kilimwita Mama Uzi kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa fundi wa maabara katika timu ya utafiti iliyopiga kambi kwenye zahanati, upande wa pili wa barabara, ikichunguza ukoma na minyoo, maradhi mawili ambayo bara yalikuwa yamepungua lakini visiwani yalikataa kuondoka. Kazi ya minyoo ilikuwa na vichekesho vyake. Unamgawia mtu makopo ya choo kwa ajili ya watu wote wa nyumbani kwake, na asubuhi anayarudisha yote yamejaa, kumbe amejaza peke yake. “Wenzangu wana haya,” mzee mmoja aliwahi kumwambia bila kupepesa macho, “nimewasaidia.”

Kazi ya ukoma haikuwa na vichekesho. Hapo ndipo palipotumika uzi, kipande cha nailoni kilichochomekwa kwenye kijiti. Anamkalisha mtu kwenye kigoda na kumwambia: fumba macho, nikikugusa, nionyeshe kwa kidole na useme “hapa.” Aliye mzima husema “hapa, hapa, hapa,” wengine wakicheka kwa kutekenywa. Lakini yule ambaye ugonjwa umeshamla mshipa wa fahamu hukaa kimya. Anakaa amefumba macho, na tabasamu la adabu usoni, akidhani bado hujaanza, na wewe umeshamgusa tena na tena. Mama Uzi alikuwa mtu wa maneno makavu, asiyependa machozi ya bure, lakini tabasamu lile hakuwahi kulizoea.

Na mama yake? Mama yake aliitwa Bibi Chuma. Sufuria inayochemka aliishika kwa mkono mtupu. Kaa la moto likidondoka sakafuni, aliliokota kwa vidole na kulirudisha jikoni, na watoto wa mtaani walikuja kumwomba aliokote tena. Ilikuwa sifa ya nyumba. Mama Uzi mwenyewe alikua akijivunia shuleni: “Mama yangu haungui.” Timu ya utafiti ilipokuja, daktari aliyeiongoza, kijana mpole mwenye miwani, alikunywa chai hapo kila asubuhi na kusema, “Bibi, mkono huu wa chuma tuuazime maabara.” Wakacheka wote, wapimaji wa ganzi, mezani pa mtu mwenye ganzi, huku vikombe vikiwaunguza mikono yao mizima.

Timu ilikuwa na sharti kwamba mtu hapimi ndugu zake. Mtaa wao ulipofikiwa, alitumwa mwenzake. Mwenzake akauliza mlangoni, “Na Bibi Chuma?” Mama Uzi akajibu akicheka, “Huyo mruke, ni mzima kuliko sisi sote.” Akarukwa.

Sasa aliugeuza mkono ule kwenye mwanga wa dirisha, na kila alichokuwa akikitazama kwa miaka akakiona kwa mara ya kwanza. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani. Nyumbani waliviita vidole vya ubahili na kumtania kwamba ameficha kitu humo. Nyama kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imenyauka, ikaacha shimo. Alipandisha vidole vyake hadi kwenye kiwiko cha mama yake, upande wa ndani, mahali alipowagusa wagonjwa bila hata kufikiri. Mshipa ulikuwa mnene kama kamba ya viatu.

Hakuhitaji uzi. Hata hivyo mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye mkoba uliotundikwa msumarini.

“Ukinigusa na huo uzi wako,” Bibi Chuma alisema taratibu, “usiniite mama tena.”

Ndipo Mama Uzi alipojua kwamba mama yake anajua.

Wakati huohuo kitinda mimba wa Mama Uzi, binti wa darasa la kwanza, aliingia akikimbia na begi lake la shule. “Shikamoo, Bibi! Mkate!” Bibi Chuma akarudi nyuma hatua kadhaa mpaka mgongo ukagusa ukuta, akafunika mkono, na kwa ule mkono mwingine akachukua kipande cha mkate akakiweka ukingoni mwa meza.

“Marahaba. Chukua hapo. Nenda ukakae nje.”

Mtoto alichukua, akatoka. Hakushangaa hata kidogo, alikuwa amezoea. Wajukuu wote walizoea. Bibi yao hakuwapa kitu mkononi. Alikiweka mezani, akasema “chukua hapo.”

Mama Uzi alibaki akiutazama ule ukingo wa meza.

Kulikuwa na jambo alilokuwa nalo moyoni kwa miaka mingi, na hakumficha mumewe wala mdogo wake: mama yake hakuwa na mapenzi. Alikuwa mchapakazi, alisomesha watoto wawili kwa chai na mkate, na hakuna aliyelala njaa nyumbani mwake, lakini mapenzi hakuwa nayo. Mama Uzi alipojifungua mtoto wa kwanza, mama wa wenzake walikuja wodini, wakawabeba watoto na kuwanusa vichwani. Mama yake alikuja, akasimama mlangoni mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akasema, “Amefanana na baba yake,” akaondoka. Usiku ule Mama Uzi alilia mpaka mto ukalowa. Na hata kabla ya hapo, alipokuwa msichana mdogo, kulikuwa na ile Jumapili aliyokaa chini, katikati ya magoti ya mama yake, chanuo mkononi, kama kila Jumapili. Mama yake akanyanyuka ghafla na kusema, “Umeshakua. Jisuke mwenyewe.” Nywele zilikuwa zimesukwa upande mmoja. Alimalizia upande wa pili mbele ya kioo, kombokombo, na kesho yake darasani wakamcheka.

“Tangu lini?” aliuliza.

Bibi Chuma alimimina chai iliyobaki kwenye chupa, akafunga kifuniko.

“Mama. Tangu lini?”

“Ulikuwa bado wa kusukwa.”

Mwalimu alisema, “Mnaongea nini?”

“Nilikuwa nakusuka,” Bibi Chuma aliendelea, akiiangalia chupa, “nikaona nywele zinaniponyoka huku vidoleni. Nikadhani mafuta yamezidi. Nikabana. Ukalia, ukasema nakuvuta. Na mimi sisikii kama nimeshika kitu. Usiku nikajitazama, nikaliona baka hapa juu ya kiwiko, limepauka. Nikalichoma na sindano. Kimya.”

“Ukakaa nalo.”

“Ulitaka nilipeleke wapi?”

“Hospitali, mama! Watu wanakwenda hospitali!”

“Mamangu mkubwa alipelekwa hospitali.” Sasa alikaa, kitu ambacho hakukifanya kamwe saa za kazi. “Ndiye aliyenilea. Walikuja wakamchukua, wakampeleka kile kisiwa kidogo, pale kambini kwa wagonjwa wenzake. Kitanda chake wakakichoma moto, na kanga zake. Mimi nilikuwa kama huyo hapo nje. Kila wiki nikatumwa kwa mtumbwi nimpelekee chakula. Kulikuwa na jiwe. Naweka kikapu juu ya jiwe, nageuka, narudi kwenye mtumbwi, ndipo yeye anakuja kuchukua. Amri ilikuwa nisigeuke nyuma. Alikuwa ananiita. ‘Mwanangu, geuka nikuone meno yako kama yameota.’ Sikugeuka. Kila wiki ananiita, na kila wiki naangalia maji.”

Barabarani pikipiki ilipita.

“Halafu wiki moja nikakuta kikapu cha wiki iliyopita kiko palepale juu ya jiwe.”

Mwalimu, aliyekuwa akifundisha watoto sayansi na afya, aliinamisha kichwa.

“Nikasema moyoni,” mama yake alimaliza, “wanangu hawatanigeuzia mgongo. Nitageuka mimi kwanza.”

Yaliyomjia Mama Uzi yalikuwa ya kazini, na yalimtoka mdomoni yakiwa makavu kama alivyoyasema barazani kwa wageni. Kwamba baka moja na mshipa mmoja ni ugonjwa wa aina ambayo ni nadra kumwambukiza mtu. Kwamba kwa miaka yote hiyo huenda ulishalala wenyewe. Kwamba hata ule mkali, mtu akianza dawa, haambukizi tena. Kwamba kambi zimefungwa zamani. Kadiri alivyosema ndivyo alivyojisikia kama mtu anayebomoa nyumba ya mzazi wake tofali kwa tofali. Kama yale yalikuwa kweli, na yalikuwa kweli, basi Jumapili zote zile hazikuwa na sababu. Wodini pale angeweza kumbeba mtoto. Angeweza kuwabeba wote.

Bibi Chuma alimsikiliza hadi mwisho.

“Kwa hiyo ningeweza kukusuka,” alisema.

Mama Uzi aliitikia kwa kichwa tu.

“Basi,” mama yake alisema. “Basi.” Akapangusa meza iliyokuwa safi.

“Dawa zipo kwenye mkoba ule,” Mama Uzi alisema, na hasira ikamrudia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kile kingine. “Kila siku nautundika kwenye msumari wako! Napita hapa na dawa, nakunywa chai, naondoka na dawa. Ulishindwa nini kuniambia? Mimi ni mwanao, na ndiyo kazi yangu!”

“Nilikuwa nauona mkoba.”

“Sasa?”

“Nilikuwa nakuona na wewe.” Bibi Chuma alimtazama usoni. “Ukitoka kwa wale watu, unapita kwanza kwenye bomba langu pale. Unanawa. Unasugua mpaka viwiko. Unanawa tena. Ndipo unamwita mwanao aje. Huko barazani unawaambia ni ugonjwa tu kama mwingine, nimekusikia, una sauti kubwa. Kisha unakuja hapa unanawa mpaka viwiko. Nikasema, dawa atanipa. Lakini na ule usuguaji atanipa.”

Mama Uzi alifungua mdomo kusema kwamba kunawa ni kanuni, kwamba ni kwa sababu ya minyoo na yale makopo. Akaufunga. Siku za makopo alinawa mara moja, haraka, kama mtu anayejiandaa kula. Siku za uzi ndizo alizosugua.

Mwalimu alisogeza kiti karibu. Alikuwa mtu wa mipango.

“Dada, sikiliza. Tusikurupuke. Tumpeleke bara. Huko hakuna anayemjua. Tuseme amekwenda kumtazama jamaa, mgahawa tuufunge kidogo, atibiwe, arudi. Nani atajua? Hapa habari ikitoka, umeshaona watu walivyo. Nani atakunywa chai yake tena? Na mimi darasani? Na wanao?”

Alisema kwa upole, na hakuwa mtu mbaya. Kilichomtisha Mama Uzi ni kwamba moyo wake ulitulia. Kwa muda mfupi aliona kila kitu: boti ya asubuhi, mama yake kajifunika mtandio, mkono ndani ya glavu, wao wawili wakikaa mbalimbali kama hawajuani. Ulikuwa mpango mzuri. Ungefanikiwa.

Alimgeukia mama yake. Bibi Chuma alikuwa amekaa wima, uso umetulia kabisa, na mdomoni alikuwa na tabasamu dogo la adabu. Alikuwa akisubiri. Mama Uzi alilijua tabasamu lile. Alikuwa ameliona kwenye vigoda vya kisiwa kizima.

Akasimama. Alikwenda bombani akanawa mikono, akarudi na boksi la huduma ya kwanza kutoka kwenye mkoba. Glavu zilikuwamo, akaziacha humo. Akaushika mkono wa mama yake, akausafisha, akaupaka dawa, akauzungushia shashi na bandeji, akaacha vidole nje. Mama yake alimtazama akifanya hivyo kama mtu anayetazama mkono wa mtu mwingine. Alipomaliza hakurudi bombani.

“Mwalimu,” alisema, “vuka barabara ukamwite daktari. Mwambie Bibi Chuma anataka kupimwa.”

“Dada...”

“Aje kwa mlango wa mbele. Na uzi aje nao yeye, mimi ndugu yangu simpimi.”

“Mbele za watu wote wale, foleni nzima imejaa pale getini...”

“Si ndivyo nilivyosema?”

Mwalimu alimwangalia mama yake, akingoja akatae. Bibi Chuma hakukataa wala hakukubali. Mwalimu akavaa kandambili zake, akatoka.

Mama Uzi alichukua kiti cha mama yake, kile cha kukunja, akakibeba mpaka kwenye ngazi ya mbele, palipokuwa peupe. Fundi cherehani aliinua kichwa. Kitinda mimba alikuwa amekaa hapo akimalizia mkate.

“Mama, njoo ukae hapa.”

“Nikafanye nini huko?”

“Njoo.”

Bibi Chuma alikuja polepole, mkono wenye bandeji ameukumbatia kifuani. Akakaa. Upande wa pili wa barabara Mwalimu alikuwa ameshafika getini, na vichwa vya foleni vilianza kugeuka kimoja kimoja.

Mama Uzi alifungua kilemba. Nywele zake alizikata fupi tangu chuo kwa sababu ya kazi, zikarudi kuota, na sasa zilikuwa za kutosha kusukwa kwa shida, zikiwa na mvi huku na huku. Alitoa chanuo kwenye mkoba, akaketi kwenye ngazi, chini, katikati ya magoti ya mama yake, mtu mzima mwenye watoto watatu. Akainua chanuo juu ya bega.

“Nisuke.”

“Una wazimu wewe.”

“Upande mmoja uliacha.”

Kisha chanuo likachukuliwa mkononi mwake, likapita kwenye nywele mara moja, likasimama. Ulikuwa mkono wa kushoto. Alijua kwa jinsi ulivyokuwa ukijikanyaga.

“Na wa kulia,” alisema.

“Wa kulia hausikii, mwanangu.” Bibi Chuma aliubana mkono wenye bandeji kifuani. “Sitajua kama nimeshika nywele au nimeshika hewa.”

“Mimi nitakuambia.”

“Nitakuvuta.”

“Nivute.”

Mlango wa zahanati ulifunguka, daktari akatoka akiwa na mkoba wake, miwani ikimeta juani. Kitinda mimba alisogea akaegemea goti la bibi yake, na goti halikuondoka. Mama Uzi alifumba macho kama alivyowaambia watu wengine wote wafumbe, akaweka mikono mapajani, akasubiri.

Nyuma ya sikio, kwa woga, kama mtu anayegusa jiko kujaribu kama limepoa, kitu kilimgusa.

“Hapa,” akasema.